Butembo: Msanii huru, lakini nani analipia wimbo?

Kila juma vijana wanafika ku redio yetu, kle USB mfukoni, wakiomba wimbo wao upite hewani. Tunawaita wasanii huru: hawana kampuni inayowalipia, hawana meneja, kila kitu wanajifanyia. Lakini tulipofuata wimbo mmoja tangu siku ya kwanza mpaka siku ya kutoka, tuliona kwamba kila mwenye kutoa makuta aliacha alama yake ndani ya maneno. Basi huyu msanii yuko huru kwa nani?

Wimbo unaanzia ndani ya telefone

Mwenye wimbo ni dada mmoja wa komine ya Bulengera, kazi yake ni kushona nguo. Aliomba tusitaje jina lake, na mbele ya kufika mwisho msomaji ataelewa sababu. Aliimba miaka mingi katika korali ya kanisa mbele ya kuanza kuimba peke yake. Njia hiyo wengi wa huku wameipita. Korali ndiyo shule ya muziki ya bure katika miji yetu: pale mtu anajifunza kushika sauti ya pili, kupumua fasi inayofaa na kusikiliza wenzake.

Wimbo wake haukuanza na maneno. Ulianza na sauti tu, aliyoirekodi ku telefone akiwa mbele ya mashini ya kushona, akiimba silabi zisizo na maana. Wasanii wengi wanatumika hivyo: melodi inakuja kwanza, kisha wanatafuta maneno yanayoingia ndani yake bila kubana. Alitusikilizisha vipande zaidi ya 20, vingine vya sekunde 10 hivi. Nyuma yake unasikia pikipiki zinapita, na sauti ya mteja anaulizia suruali yake.

Habari ya kuimba ilitoka nyumbani. Mama yake alikuwa akilima maharagi na mihogo upande wa Lubero. Tangu mwaka 2024, mashambulizi ya ADF yalipoenea katika teritware hiyo, mama haendi tena shambani. Jembe lake limesimama nyuma ya mlango. Dada akaanza kuimba juu ya jembe lile: linangoja nani, na mvua imeanza kunyesha.

Hapo akakutana na swali la luga. Kinande ndiyo luga ya mama yake, na maneno ya shamba yanakuja haraka kwa Kinande. Lakini wimbo wa Kinande unaishia Beni, Butembo na Lubero. Kwa Kiswahili wimbo unaweza kufika Bunia, Kisangani, Bukavu, Lubumbashi, na hata kuvuka mpaka mpaka Kampala na Bujumbura. Lingala ndiyo inafungua Kinshasa. Mwishowe alichagua Kiswahili, na akaacha neno moja tu la Kinande ndani ya kiitikio, lile la jembe. Alitueleza kwamba alijaribu kuliimba kwa Kiswahili mara nyingi, likawa linasikika kama jembe la mtu mwingine.

Mpaka hapa wimbo haujala franka hata moja, na kila neno ni lake.

Biti ni ya nani?

Kwanza alijaribu kuimba juu ya biti ya bure aliyoitoa ku YouTube. Vijana wengi wanaanza hivyo, na wengi hawajui mtego ulioko. Kile kinachoitwa bure, mara nyingi ni bure kwa kujaribu tu. Mwenye kuitengeneza anaweza kukodisha biti ileile kwa waimbaji wengi pamoja. Siku unaweka wimbo wako ku intaneti, mitambo inaitambua, na wimbo unaweza kuzuiwa ao matangazo yake yakaingizia mtu mwingine makuta. Tena unaweza kusikia siku moja mtu wa inchi nyingine anaimba harusi juu ya muziki uleule uliolilia shamba lako.

Kwa hiyo akaenda kwa kijana mtengenezaji wa biti. Studio yenyewe ni chumba kimoja: kompyuta, programu ya FL Studio, mikro moja, na magodoro ya sponji yamepigiliwa ukutani ili sauti isirudi. Paa ni la mabati. Mvua ikinyesha, kazi inasimama, na Butembo mvua si mgeni. Umeme ukikatika, wanangoja ao wanawasha grupu, na mafuta ya grupu yanaongezwa kwenye bei. Siku ya maombi, kanisa la jirani lina vipaza sauti vikubwa. Ndiyo maana nyimbo nyingi za mji huu sauti yake imerekodiwa usiku.

Biti ilimgharimu dola 20, kurekodi sauti na kupanga mchanganyiko dola 30. Alilipa kwa mafungu matatu, kila mara akingoja wateja wachukue nguo zao.

Ndani ya chumba kile wimbo ulibadilika. Yeye alitaka uende polepole. Kijana akasema wimbo wa polepole haupigwi ku sikukuu, tuongeze mwendo kidogo. Wakakutana katikati. Tena kijana akageuza mwisho wa kiitikio: sauti iliyokuwa inashuka, yeye akaipandisha. Kusema kweli, pale ndipo wimbo ulipata nguvu yake. Dada mwenyewe anakubali.

Swali ni hili: kijana yule sasa ni nani ndani ya wimbo? Kama alipanga sauti tu, amefanya kazi na amelipwa, basi. Lakini kama amezaa sehemu ya melodi, yeye pia ni mtunzi. Sheria ya Kongo juu ya haki za watunzi, ya tarehe 5 Aprili 1986, inamtambua mtu aliyeunda kazi. Mwenye kulipa hageuki mtunzi kwa sababu alilipa, na mwenye mashini hageuki mtunzi kwa sababu mashini ni yake. Kila kitu kinategemea nani alileta nini. Na ndani ya chumba kile hakuna mtu aliyeandika nani alileta nini. Hakukuwa hata na karatasi moja.

Matokeo yake yalionekana juma mbili baadaye. Kijana aliweka wimbo ku shaneli yake mwenyewe, jina lake mbele, la dada nyuma. Hakuona ubaya, maana kwake ni kawaida kuonyesha kazi yake. Dada aliona ameibiwa. Waliacha kusalimiana karibu mwezi mzima. Wote wawili walikuwa na sehemu ya haki, na hakuna aliyekuwa na alama ya kuonyesha.

Habari hii si ya leo. Mwaka 1952, mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda alirekodiwa kule Jadotville, mji tunaouita leo Likasi, na Hugh Tracey aliyetoka Afrika ya Kusini na mashini yake ya kurekodi. Mtu mmoja, gitaa moja, Kiswahili cha Katanga. Wimbo wake Masanga ulivuka mipaka, na wapiga gitaa wa inchi nyingi walijaribu kufuata vidole vyake. Wakati ule mwimbaji alipaswa kungoja mwenye mashini apite. Leo mashini iko ndani ya chumba cha jirani, na hiyo ni hatua kubwa. Lakini safari ya wimbo bado inapita mikononi mwa mwenye mashini, na mwimbaji asipoandikwa mapema, anabaki akifuata wimbo wake nyuma.

Jina la mkubwa na ujumbe wa shirika

Baada ya sauti inakuja klipi, na klipi ndiyo inakula makuta. Kamera, mtu wa kuunganisha picha, nguo, usafiri, chakula cha wacheza. Kwa mshonaji, dola 100 ni miezi ya kazi. Hapa ndipo watu wenye uwezo wanaingia.

Wa kwanza alikuwa mfanyabiashara. Alikubali kutoa dola 50 kama jina lake litatajwa mara tatu. Kila Mukongomani anajua desturi hii. Kwa Lingala inaitwa kutupa libanga, yaani kutupa jiwe: mwimbaji anatupa jina la mtu ndani ya wimbo, na mtu yule anaitikia kwa makuta. Ilikomaa Kinshasa, na wasanii wakubwa wameishi nayo. Wengine wanaidharau. Sisi hatuwezi kuihukumu haraka, maana fasi ambapo haki za watunzi hazimfikii msanii, libanga ndiyo mshahara wake. Shida inaanza pale jina linaingia katikati ya kilio. Fikiria mama anaulizia shamba lake, mara unasikia muuza mabati anasifiwa.

Wa pili lilikuwa shirika moja la mahali. Lilitaka kulipa klipi yote, lakini kwa mashauri: jembe libaki, waliomfukuza mama waondoke, na mwisho uwe juu ya kuishi pamoja kwa amani. Hapa tena tuwe wa haki. Nyimbo za mashirika zimesaidia. Wakati wa Ebola, tangu Agosti 2018 mpaka Juni 2020, Beni na Butembo zilisikia nyimbo za kunawa mikono na za kutomficha mgonjwa, na kuna watu waliosikia wimbo mbele ya kumsikia muganga. Vijana wengi walilipwa kwa mara yao ya kwanza katika kazi kama hizo. Lakini katika kazi ya namna hii ujumbe unafika umekwisha kuandikwa. Msanii anabaki kuuvalisha melodi.

Na mlango huo sasa umekuwa mwembamba. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake, na miradi mingi ikafungwa. Katika mwezi uleule wa Januari Goma iliingia mikononi mwa M23, banki zikafunga milango, na barabara ya kutoka huku kwenda Goma kwa ajili ya konseri ao kwa studio kubwa haikuwa tena barabara ya kawaida. Kwa msanii wa Butembo, hiyo ni kusema soko la upande mmoja limekatika. Sisi wenye kupokea kle USB tunasikia matokeo: majina ya wafanyabiashara na ya wanasiasa yanazidi ndani ya nyimbo. Shirika likiondoka, libanga linajaza pengo.

Dada alikataa masharti ya shirika. Makuta ya mfanyabiashara aliyapokea, lakini alifanya kitu cha akili: alitengeneza wimbo mara mbili. Mmoja una jina mwanzoni na mwishoni, huo ni wa sikukuu na wa mfanyabiashara mwenyewe. Mwingine hauna jina lolote, huo ni wa redio na wa mama yake. Alimwambia mfanyabiashara wazi tangu mwanzo, na akakubali. Kumbe inawezekana kuzungumza.

Ubeti uliotoka

Mkono wa tatu haukuleta makuta. Wimbo ulikuwa na ubeti wa pili. Katika ubeti ule anauliza maswali: wenye silaha za kutulinda walikuwa wapi usiku ule, na nani alijua njia ikanyamaza. Siku ya kurekodi aliuimba. Siku ya kumaliza aliomba ufutwe.

Hatuhitaji kumuuliza sana. Tangu tarehe 6 Mei 2021, Kivu ya Kaskazini na Ituri ziko chini ya etat de siège, na wakubwa wa mkoa ni wanajeshi. Juu ya hayo iko sheria ya zamani zaidi: tangu mwaka 1996 inchi ina komisheni ya kuchunguza nyimbo na maonyesho. Wengi waliisahau mpaka Novemba 2021, wakati wimbo wa kikundi MPR na wimbo wa Bob Elvis zilipokatazwa kupita hewani. Ule wa MPR uliruhusiwa tena upesi baada ya watu kupiga kelele.

Na iko habari ya Delcat Idengo, mtoto wa eneo hili, aliyeimba akikosoa serkali na wenye silaha. Alifungwa zaidi ya mara moja. Tarehe 13 Februari 2025 alipigwa risasi na kufa kule Goma, akiwa katika kazi ya kutengeneza klipi. Hakuna msanii wa Butembo asiyejua tarehe hiyo. Wanapokaa mbele ya mikro na neno kali mdomoni, kifo chake kimekaa pamoja nao ndani ya chumba.

Tuseme ukweli wote. Sisi wenyewe ku redio, tuliposikia kwamba ubeti ule umetoka, tulipumua. Tungeupitisha kama ungekuwepo? Tulijiuliza katika mkutano wa asubuhi, na hatukupata jibu moja. Kwa hiyo tusiseme kwamba msanii peke yake alikata wimbo wake. Alikata kile alichojua kwamba sisi tungekiogopa.

Kupita hewani, na kisha?

Wimbo ukiisha, unatafuta masikio. Huku redio bado ina nguvu, kuliko intaneti, sababu mega zinauzwa bei na redio haiulizi mega. Lakini ku redio nyingi msanii anaombwa kitu kidogo, kile wanahabari wanaita kupaji. Anaambiwa ni ya usafiri ao ya unite. Mwandishi wa habari asiyelipwa vizuri anamla msanii asiyelipwa kabisa. Kisha tunashangaa kwamba tunasikia nyimbo zilezile: zinazopita ni zile zenye mtu wa kuzilipia, si zile nzuri zaidi.

Njia nyingine ni wale vijana wa kuchajisha telefone, wanaoweka nyimbo katika kadi ya kumbukumbu kwa franka kidogo. Wanaeneza wimbo haraka kuliko sisi, lakini msanii hapati kitu. Ku intaneti hali si rahisi pia. Spotify, kwa mfano, tangu mwaka 2024 hailipi wimbo uliosikilizwa chini ya mara 1,000 katika miezi 12. Kwa msanii wa mtaa ambaye wasikilizaji wake wanabadilishana wimbo kwa WhatsApp, mara 1,000 ni mbali.

Basi makuta yanatoka wapi? Kwa wengi yanatoka ku harusi, ku kolasyo za shule na ku sikukuu, fasi wanapoimba mbele ya watu. Haki za watunzi zingepaswa kusaidia. SOCODA, iliyoanzishwa mwaka 2011 ikichukua nafasi ya SONECA, ndiyo yenye kazi ya kukusanya na kugawa. Lakini kati ya vijana wanaopita katika studio yetu, waliojiandikisha wanahesabika kwa vidole. Na hata anayetaka kujiandikisha anaulizwa jambo lilelile: nani aliandika maneno, nani alitunga muziki? Tunarudi kwenye karatasi ile ambayo haikuandikwa.

Mwezi Desemba 2021 rumba ya Kongo iliingia katika orodha ya urithi ya UNESCO, na wote tulifurahi. Urithi wa kesho unatengenezwa sasa ndani ya vyumba vya sponji. Mtu asipouandika, utakuwa urithi usio na mwenyewe.

Karatasi mbele ya mikro

Tunaona mambo ambayo hayangoji serkali wala mfadhili.

Mbele ya kuwasha mikro, msanii na mtengenezaji wa biti waandike karatasi moja: tarehe, jina la wimbo, nani alileta maneno, nani alileta melodi, nani alitengeneza biti, kila mtu sehemu yake ni ngapi, na wimbo utawekwa ku shaneli ya nani. Sahihi mbili, picha moja ku telefone ya kila mtu. Inachukua dakika 10. Wakibadilisha kitu njiani, waongeze mstari.

Vile vipande vya mwanzo vya telefone visifutwe. Vina tarehe, na siku ya ubishi vinaonyesha wimbo ulizaliwa wapi.

Mwenye kutoa makuta aambiwe mapema jina lake litakaa wapi na halitakaa wapi. Dada yetu ameonyesha kwamba mtu anaweza kuchukua dola 50 bila kuuza kiitikio.

Na redio? Sisi tuanze na kutaja hewani jina la mtunzi, si la mwimbaji tu, na kuandika katika daftari kila wimbo tunaopitisha. Bila daftari hiyo hakuna atakayejua nani anapaswa kulipwa. Na kupaji ikome. Hilo tunajiambia sisi kwanza.

Dada na kijana wa biti wamepatana. Waliandika karatasi yao baada ya ugomvi, kwenye ukurasa wa daftari la vipimo vya nguo: maneno ya dada, muziki wa wote wawili, biti ya kijana. Sasa wanatayarisha wimbo wa pili, na mara hii karatasi imetangulia.

Wimbo wa jembe tuliupitisha siku ya posho jioni, ule usio na jina la mtu. Mama yake aliusikiliza nyumbani, ku redio ndogo ya mawe. Ubeti wa pili haukuwemo. Dada anasema hakuufuta ku telefone.